Ng'ombe Walipotuzingira Hemani

Mama mkwe wangu alikuja Toronto kwa ziara fupi mwanzo wa baridi, na kiangazi kilichofuata bado alikuwa nasi mtaa wa Crescent Town, ghorofa ya juu kabisa. Alikuwa muuguzi mstaafu kutoka Tanga, mwanamke aliyezoea kuamrisha wodi nzima. Kwetu hakuwa na wa kumwamrisha. Siku moja lifti ilikwama naye ndani, na tangu hapo hakushuka tena peke yake.

Mume wangu, mwanawe wa pekee, alikwisha kuamua kwamba mama harudi. Alimwombea ukaazi bila kumwuliza. "Atarudi kwa nani?" aliniambia. Nami nilijua mama anataka kurudi, maana alinieleza jikoni kisha akaniapisha nisiseme. Nikabanwa katikati. Kila tulipokaa mezani niliogopa kufungua mdomo.

Mwezi wa Julai mume wangu akasikia habari za mkulima mmoja wa ng'ombe wa maziwa, kaskazini mwa jiji kupita mji wa Richmond Hill, aliyeruhusu familia kupiga hema shambani kwake. "Mama anahitaji hewa," akasema.

"Nimetoka Tanga nije kulala chini na ng'ombe?" mama akauliza. Lakini alikwenda.

Mvua ilitukuta tukifunga kamba. Tukalala wanne: sisi wawili, mama, na binti yetu wa miaka sita. Hema lilikuwa dogo. Akigeuka mmoja, wote tunageuka.

Asubuhi niliamshwa na pumzi nzito iliyokuwa si ya yeyote kati yetu. Mume wangu akafungua zipu kidogo, akachungulia, akaifunga upesi.

"Ng'ombe," akasema.

"Wangapi?" nikauliza.

"Wote."

Mitamba, majike ambao hawajazaa bado, walikuwa wamevunja ua. Wengine walilamba hema, wengine walitafuna kamba, na mmoja alipokanyaga kigingi upande mzima ukatuangukia mabegani. Sote tulikuwa watu wa mjini. Hakuna aliyejua kama wanauma. Mkulima hakupokea simu. Binti yetu akalia kwa Kiingereza kwamba amebanwa na haja. Bibi yake akampa sufuria ya kuchemshia chai.

Ndipo mama akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayakukoma kicheko kilipokoma.

"Usiogope, mama," mume wangu akasema. "Mkulima atakuja."

"Siogopi ng'ombe, mwanangu. Naogopa kufia kwenye ile fleti."

Desturi yake, maneno yakiwa mazito, mume wangu huondoka. Akashika zipu. Pua pana ikasukuma kitambaa mbele ya uso wake. Akakaa.

"Nani amesema utakufa?"

"Nataka kurudi kwangu. Nina nyumba. Nina majirani. Baba yako amelala kule."

"Na ukiugua?"

"Nitaugua kwa Kiswahili."

Mume wangu akanigeukia mimi. "Ulijua?"

Ningekuwa nyumbani ningekimbilia jikoni. Pale goti langu lilikuwa juu ya goti lake. "Nilijua," nikasema. "Tangu theluji ya kwanza."

Akafunika uso kwa viganja. Tulisikiliza ndimi za ng'ombe zikikwaruza kitambaa. Muda ule ulikuwa mrefu kwangu kuliko baridi nzima.

Hatimaye trekta likanguruma. Mkulima akatikisa ndoo ya pumba na mitamba wote wakamfuata bila kututazama. Tukatoka mmoja mmoja, tukiruka samadi. Mume wangu akakunja hema likiwa bichi, akalitupa kwenye buti la gari, akaendesha hadi nyumbani.

Mimi alininunia majuma mengi. Mama yake hakumnunia, alimkatia tiketi. Kwenye uwanja wa ndege mama alimshika mashavu kama mtoto. "Umenitunza, baba," akamwambia. "Sasa niache."

Kila Jumapili mama alipiga simu kutoka Tanga kulalamikia jua na muziki wa jirani, na mume wangu alisikiliza akitabasamu, jambo ambalo sikuliona muda wote mama aliokuwa nasi. Siku moja alipokata simu akaniuliza, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, kama mimi nataka kuendelea kukaa huku.

Binti yetu alikuwa sebuleni akisoma kwa sauti kitabu cha shule, kwa Kiingereza. Nikamsikiliza mpaka mwisho wa ukurasa. Kisha nikamwambia mume wangu aniulize tena Jumapili ijayo.