Sinki la Mama

Baba yangu ni fundi wa matangi ya maji ya mvua, na mtaa mzima unamwita Mzee Mifereji. Ukiongea naye njiani hakutazami usoni, anatazama paa lako. Amewajengea watu matangi kwa miaka ishirini, na nyumba yake mwenyewe ilikuwa haina hata mfereji mmoja. Nilimkasirikia kwa hilo, na sina hakika kama hasira imeisha.

Maana aliyebeba ndoo kutoka bomba la mtaa ni Mama. Mbili asubuhi, mbili jioni, mpaka mgongo ukasema basi. Daktari akamkataza kuinua hata sufuria iliyojaa. Nikamchukua kwangu, mji mwingine, akae mwezi mmoja. Akakaa miaka minne.

"Nitarudi siku nitakayofungua koki jikoni kwangu na maji yakatoka," alimwambia Baba, na hakuwa anatania. Lakini ufunguo wa nyumba ulibaki mkobani mwake. Kila akitafuta miwani aliutoa, akaushika kidogo, akaurudisha. Alitamani kwake mpaka nikamwonea wivu yule mzee.

Baba akaanza kuchimba tangi chini ya ua, Jumapili tu, kwani siku nyingine alikuwa na kazi za watu. Jioni yake alinipigia simu, na badala ya kusema amemkumbuka mkewe, alitaja kina.

"Mwambie mama yako futi sita."

"Mwambie asije akajifukia," Mama alijibu, akijifanya anakunja nguo.

Baba akapiga lipu, akazungusha mifereji kwenye paa, akafunga pampu ndogo. Hata maji ya sinki akayatengenezea njia yapite kwenye changarawe, yakatumike chooni. Ndivyo alivyo, maji yakitumika mara moja tu anaona ameibiwa.

Mvua iliponyesha alipiga simu katikati ya wiki. "Ya kwanza nimeimwaga, imeosha paa. Ya pili imeingia tangini. Mlete."

Mama hakusubiri hata chai ichemke.

Tulipofika, jikoni kulinukia saruji mbichi. Mama aliweka mkoba chini, akaliendea sinki, akanyoosha mkono. Koki ilikuwa juu. Akajaribu tena, kifua kikagusa ukingo wa sinki, vidole bado havikufika. Mgongo wake haukuweza kunyooka zaidi ya hapo.

Fundi asiyekosea hata nusu inchi kwenye nyumba za watu akatazama koki, akatazama mkono wa Mama.

"Sikupima," alisema. "Nilijenga kwa kukumbuka."

"Ulikuwa unamjengea nani sasa?"

"Wewe. Ulikuwa unanifika hapa." Akagusa kidevu chake.

Baba alitoka, akarudi na nyundo na tindo, macho mekundu. Mama akamshika mkono.

"Utavunja kesho, mume wangu. Nifungulie kwanza."

Akamfungulia. Mama alikinga viganja, vikajaa, akanawa uso taratibu.

"Haya funga," akasema. "Yasipotee bure."

Nyuma ya mlango kulikuwa na msumari wa Mama wa zamani, na kwa miaka minne Baba hakuwa ametundika kitu hapo. Mama akatoa ufunguo mkobani, akautundika.