Ng'ombe Mweusi na Kadi ya 32

Mume wangu hahesabu ng'ombe. Kwao Umaasaini si vizuri kutaja idadi ya mifugo wala ya watoto, na mimi niliyelelewa Kiambu, ambako kuku wakiingia bandani tuliwahesabu mara mbili, nilijifunza kunyamaza. Ila siku tulipoingia dukani Kitengela kununua kadi ya memori, uvumilivu uliniisha.

Kamera tulikuwa tumeazima kwa kazi moja tu. Nyanya ya mume wangu, ambaye sote tulimwita koko, alikuwa amekubali kurekodiwa akimbariki binti yetu kabla hajaenda chuo. Miaka yote alikuwa ameikimbia kamera. Sasa alisema ni mara moja tu, na kwa umri wake hakuna aliyebisha. Sauti yake hatukuwa nayo popote.

"Kuna ya 32, 64, na hii ya 128," msichana wa duka alisema. "Video inakula space, mzee. Mnarekodi nini?"

"Baraka ya koko. Na ng'ombe kidogo."

"Ng'ombe wangapi?"

Mume wangu akaangalia dari. "Wako."

"Wako wangapi?"

"Wako tu wazuri."

Msichana akanigeukia. Nikamwomba ya 128. Lakini mume wangu, ambaye akisimama kilimani hujua kwa jicho tu kwamba ndama mmoja amebaki nyuma, aliiweka ile ya 32 kiganjani, akaitazama vizuri, akasema inatosha. Tukatoka nayo.

Nyumbani kwao, nje ya mji wa Kajiado, koko alisema habariki mtu kabla ng'ombe hawajarudi. Waliporudi jioni, mume wangu akaweka kamera kwenye ubora wa juu kabisa na kuanza: mwekundu, wa madoadoa, yule wa pembe iliyopinda. Kila mmoja alitajiwa mama yake na ugonjwa aliowahi kupona. Nilimkumbusha habari ya nafasi.

"Sasa nikiruka mmoja, itakaa aje?" akaniuliza.

Kwa ng'ombe mweusi, mzee kuliko wote, alikawia zaidi. Siku ya harusi yetu hakunisifu hata nusu ya hapo.

Hatimaye koko akaketi kigodani, binti yetu akainamisha kichwa mbele yake, nami nikabonyeza kitufe. Kadi ilikuwa imejaa.

Nilikasirika, sitaficha. Simu zetu zilikuwa zimeisha chaji tangu mchana. Nikafuta picha zangu zote za siku hiyo, pamoja na kile kilemba kipya nilichokuwa nimekifunga kwa shida; nikapata nafasi ya kurekodi chafya.

"Futa ng'ombe," nikamwambia mume wangu.

Akawapitia mmoja mmoja, kidole juu ya kitufe, akashindwa. "Siku ya baraka unatoa ng'ombe kwa boma?"

"Ni video!"

"Si bado ni yeye?"

Koko akauliza kwa Kimaasai tumekwama wapi. Mjukuu wake akamweleza huku akitazama chini. Bibi yule alicheka mpaka akashika magoti.

"Mtoe mweusi," akasema. "Ni wangu. Ukoo wake ulikuja nami hapa nilipoolewa. Yeye ni mzee kama mimi, hatakasirika."

Mume wangu akafuta. Nikaichukua kamera na kumwelekezea koko. Koko akaweka kiganja juu ya kichwa cha binti yetu na kubariki, nasi tukaitikia "Naai", yaani "Ee Mungu", kila alipotua.

Koko alituacha kabla mwaka haujaisha. Siku hizi niko na kadi ya 128 kwenye kabati, na haina chochote cha maana. Jumapili baada ya chakula, mume wangu huniomba nimwekee ile ya 32. Tunamtazama koko, tunamsikiliza tena, nami hulia bila kujificha. Katikati ya baraka, mahali fulani nyuma yake, ng'ombe asiyeonekana analia kwa sauti nzito.

"Umemsikia?" mume wangu huniuliza kila mara, kana kwamba sikuwepo. "Huyo ni mweusi. Alikataa kutoka."

Humjibu kwamba nimemsikia.