Kioo Kisichojua Uzito wa Kidole

Kila nikiikumbuka siku ile, mwanangu, huweka bisibisi chini kwanza. Si habari ya kusimulia huku mikono ikiwa na shughuli nyingine. Ilikuwa majira ya baridi, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, fundi simu mwenye kibanda cha mbao hapa Nchelenge, kando ya ziwa linalotutenganisha na Kongo, karibu na njia inayopanda kutoka bandarini.

Sijazeeka sana, unaniona. Lakini baba alipokufa, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, mimi nilikuwa darasa la saba na nyuma yangu walikuwapo wadogo wanne. Niliacha shule wiki ileile. Wadogo zangu wakaniita Yaya, kama tunavyomwita ndugu mkubwa sisi tuliotoka upande wa Kongo, na baada ya miaka michache soko zima likaniita hivyo. Kwa hiyo nikikuita mwanangu, wewe uliyekuja kujifunza kazi kwangu, usishangae. Nimekuwa mzazi tangu nilipokuwa mtoto.

Kazi nilifundishwa na Ba Mwansa, mzee wa hapahapa aliyekuwa akitengeneza redio katika kibanda cha jirani. Kiswahili chake alikiokota kwa wateja wa Kongo, akakichanganya na Kibemba bila aibu yoyote. Alinifundisha kushika waya wa moto bila kutetemeka. Mengine alinifundisha siku hii ninayokuambia.

Wateja wangu wengi walikuwa wanawake wa Kongo wanaovuka ziwa kununua samaki. Wakija, huja wote pamoja, na wakikusifu, husifu wote. Jina langu zuri midomoni mwao ndilo lililolisha nyumba yetu. Mmoja wao alikuwa Mama Ilunga, mjane wa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, mwanamke mpana wa mabega, mwenye maneno machache. Ilunga alikuwa mwanawe wa pekee. Mwaka mmoja kabla ya haya, upepo wa Agosti uliipindua mashua yake karibu na kisiwa cha Chisenga, naye hakuonekana tena, na pwani nzima ilijua. Mama yake tuliendelea kumwita kwa jina la mtoto, kwa kuwa hakuwa na jina jingine tulilolizoea.

Asubuhi ile alikuja na simu iliyopasuka kioo. Ilunga ndiye aliyemletea kutoka Lubumbashi, simu nzuri, ya aina iliyotengenezwa kwa miaka michache tu na ambayo kioo chake kilihisi uzito wa kidole. Ukigusa kidogo, ilifanya jambo moja. Ukikandamiza kwa nguvu, ilifanya jambo lingine. Vijana wengi waliokuwa nazo hawakujua hata kama zina uwezo huo.

"Yaya, boti yangu inaondoka mbele ya upepo kuanza," alisema. "Unaweza tengeneza leo?"

"Naweza, mama. Ikae hapa, njoo saa sita."

Kioo cha asili kingetoka Lubumbashi baada ya wiki mbili au tatu. Nilikuwa na kioo cha kuiga, kinachong'aa vizuri kama kile cha kwanza. Nilijua kasoro yake: hakina ile tabaka ya ndani inayopima uzito. Nilikuwa nimeshawafungia watu kadhaa na hakuna aliyerudi kulalamika. Nikajiambia, kitu kisicholiliwa na mtu si kitu. Nikakifunga, nikajaribu rangi, sauti na mguso, nikampa. Kioo cha zamani nikakitupa pamoja na takataka za siku ile.

"Iko kama mupya," nilimwambia. Sikumwambia zaidi. Alinishukuru, akateremka bandarini.

Alirudi baada ya wiki tatu. Hakukaa. Aliweka simu mezani na kunionyesha kidole gumba cha mkono wa kulia. Kilikuwa kimevimba, na chini ya kucha palikuwa na damu nyeusi.

"Mwana yangu, Ilunga hageuke tena," alisema.

Sikumwelewa. Akafungua picha. Alikuwa Ilunga katika kambi ya wavuvi ya Chisenga, ameinama juu ya samaki waliotandazwa juani, na pembeni mwa picha doa kubwa jekundu, kidole cha mama yake kilichoziba kamera. Aliipiga siku ileile aliyopewa simu. Simu ile ilikuwa ikipiga picha na kushika pia kipande kidogo cha mwendo na sauti, sekunde mbili tatu hivi. Ukikandamiza picha, inaamka. Ilunga anageuka, anacheka, anasema neno. Mama yake alikuwa amejifunza hilo tu katika simu nzima, na kila siku baada ya kuuza samaki alikandamiza, akasikia.

"Tangu ulifunga hiki kioo, minabonyeza, yee anainama tu. Minabonyeza na nguvu yangu yote. Niambie kweli, ni kidole yangu njo imekufa?"

Mwanangu, hapo ndipo nilipopewa nafasi ya kusema kweli. Wanawake wawili wenzake walikuwa wamesimama nyuma yake wakisikiliza. Nikawatazama wao badala ya kumtazama yeye, na nikasema: "Hapana, mama. Simu za sasa zote ziko vile. Bale banatengeneza baliondoa ile ya kubonyeza. Haiko tena."

Ona jinsi uongo wangu ulivyokuwa umevaa vizuri. Ni kweli simu mpya zilikuwa zimeanza kuja bila uwezo ule. Watengenezaji waliona wachache wanautumia, wakauondoa, na leo hakuna simu ninayofungua ambayo inajua kama umeigusa kwa unyonge au kwa hasira. Inajua tu umeiwekea kidole muda gani. Kila neno nililosema ungeweza kulithibitisha. Lakini simu ya Mama Ilunga haikuwa mpya, na aliyeiondolea uwezo wake hakuwa mtengenezaji wa mbali. Ni mimi, juu ya meza hii.

Akavuta pumzi. "Aksanti kuniambia, mwana yangu. Nilifikiri ni yee njo alinikatala."

Akafunga simu katika kitambaa, akaondoka na wenzake. Alinishukuru, mwanangu. Laiti angenitukana.

Ba Mwansa alikuwa amesikia yote. Kunikosoa mbele ya wateja hakuwahi hata siku moja. Alisubiri njia iwe tupu, akaleta kigoda chake, akaketi mbele yangu kama mtu aliyekuja kutengenezewa simu.

"Yaya, mama yako alikuwa anauzisha nini?"

"Samaki, ba shikulu," nilimjibu, nikimwita babu kwa Kibemba. "Unajua."

"Mutu akikuya kununua, alikuwa anafanya nini?"

"Alifungua gunia."

"Na mutu?"

"Anabonyeza samaki na kidole."

"Juu ya nini?"

"Aone kama ndani amekauka."

Hivyo ndivyo biashara ya samaki wakavu ilivyo pwani yetu, wewe mwenyewe unajua. Juu anaweza kuonekana mkavu kabisa na tumboni akawa mbichi, na gunia zima likaoza kabla ya kufika mjini. Kwa hiyo muuzaji hufungua gunia kwa mikono yake mwenyewe, huchimbua hadi chini, na mnunuzi hubonyeza anayemtaka. Anayeuza gunia lililoshonwa hapati mteja wa pili. Mama yangu alinifundisha hilo kabla sijajua kuandika.

"Sasa wewe," Ba Mwansa akasema, "umemuuzisha ule mama gunia ya kushonwa. Na akilia, unamuambia samaki yote ya ziwa iko imeoza."

Nikaanza kujitetea. Nikasema hakuna anayetumia kubonyeza, hata wazungu wameona, ndiyo sababu wameacha.

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Wale hawamujue Mama Ilunga. Watamujulia wapi? Wewe, alikuwa amesimama hapa, ku meza yako. Ulimuuliza anafanyaka nini na simu yake?"

"Sikumuuliza."

"Basi, mwana wandi, usiwasingizie wazungu." Akainuka, akachukua kigoda chake. Mlangoni akageuka. "Na mimi makosa yangu iko. Nilikufundisha kufunga vitu. Nilisahau kukufundisha kusema."

Hakuniambia nifanye nini. Nilikaa nikifikiria jina langu. Nikikiri, wanawake wale watalibeba neno hadi Kilwa na Pweto, na nyumbani wadogo zangu wanne watakula nini? Nisipokiri, Mama Ilunga atakaa na picha iliyoinama hadi mwisho wa siku zake. Nilijaribu kuyapima hayo mawili na kila mara upande wa wadogo zangu ulikuwa mzito, mpaka nikagundua kwamba nawaweka wadogo zangu mbele yangu ili nijifiche nyuma yao. Hilo liliniumiza kuliko maneno ya mzee.

Nikachukua simu nikamtumia ujumbe wa sauti muuzaji wa vioo wa Lubumbashi. Nilimweleza yote, na uongo wangu pia, sikuacha kitu. Nilitaka kujua kama kioo cha asili kinapatikana. Jibu lake lilikuja kabla sijafunga kibanda, na alikuwa akicheka.

"Yaya, vile vioo vya asili sasa ni shida kupata. Lakini kwa kile ulifunga, juu ya nini hukuulizake? Ingia mu reglaje, mu mipangilio ya simu, uzime ile ya kubonyeza. Simu itasahau kupima nguvu. Kisha mama aweke kidole polepole, angoje kidogo. Picha itatembea. Ni dakika moja tu ile kazi!"

Dakika moja. Mama Ilunga alikandamiza kioo wiki tatu hadi damu ikaganda chini ya kucha, na dawa yake ilikuwa kazi ya dakika moja, aliyoijua mtu ambaye sikumuuliza mapema kwa sababu nilitaka aone kwamba najua.

Kesho yake nilifunga kibanda nikapanda boti ya Chisenga, kwa kuwa nilisikia yuko huko akikusanya mzigo. Naliogopa ziwa, mwanangu, lakini siku ile niliogopa zaidi kufika. Nilimkuta na wenzake wakipanga samaki katika magunia. Mmoja akapiga kelele: "Ee! Yaya wa simu! Leo munganga njo anafwata mugonjwa mpaka ku kisiwa!"

Mwingine akadakia: "Muulize kama amekuya kutengeneza na boti yetu. Injini inakohoa!"

Walicheka. Mimi sikuweza. Nilisimama mbele ya Mama Ilunga, wote wakisikia, nikasema kwamba nilimdanganya. Nikasema kioo nilichofunga ndicho kilichoondoa kubonyeza, kwamba nilijua kabla ya kukifunga, na kwamba aliporudi nilijua tena. Kicheko kilikatika. Yule aliyenitania akatema mate pembeni na kusema, "Na dada yangu alikupatia simu yake wiki ileile."

Mama Ilunga alitoa simu katika kitambaa, akaniwekea mkononi. Nikafanya nilivyoelekezwa, nikamrudishia.

Kwa mazoea akakandamiza kwa nguvu, uso umekunjamana.

"Hapana, mama. Usibonyeze. Weka tu, polepole. Ungoje."

Akaweka kidole juu ya picha kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala. Akangoja. Kisha Ilunga akainua kichwa, akageuka, akacheka: "Mama, kidole! Toa kidole mu kamera!"

Wanawake wakacheka kabla ya kujizuia, kisha wakaacha. Mama Ilunga akarudia mara ya pili, na ya tatu. Halafu akaishusha simu mapajani.

"Mbele, nilikuwa namuita, anakuya," alisema. "Sasa ni mi njo namungoja. Si sawa." Akapangusa kioo kwa kitambaa. "Lakini amekuya."

Nikamwomba msamaha.

"Simu umetengeneza, Yaya. Lakini zile siku nilikuwa najua mutoto yangu amenikatala, zile utatengeneza namna gani?"

Nikapanda boti kurudi Nchelenge.

Nilipoteza wateja, ndiyo. Tulikula vibaya msimu ule, na wadogo zangu nikawaambia sababu. Baadaye wengine walirudi. Mama Ilunga pia alirudi, na bado huja. Ila haachi simu yake kibandani. Huketi na kutazama mikono yangu tangu skrubu ya kwanza hadi ya mwisho, nami sijawahi kumwambia aende akapumzike.

Basi, mwanangu, sikia ninalokuomba. Mtu akikuletea kitu chake, muulize kwanza anakitumiaje, naye akuonyeshe kwa mkono wake, kwa kuwa hujui ameweka nini ndani yake. Unapompa kipya, mwambie umemwondolea nini cha zamani, hata kama unaona ni kidogo. Ukubwa wa kitu haupimwi na yule asiyekililia. Ukikosa, usitafute neno la kweli la kufunikia kosa lako; uongo wa namna hiyo ndio mgumu kuliko wote kuukiri, kwa sababu unaweza kuuapia. Na usilolijua uliza mapema, aibu ikiwa bado ndogo. Mimi nilingoja, na aliyelipa ni mwingine.

Mungu akutunzie mikono yako, akulainishie ulimi siku ya kukiri. Akupe riziki isiyoliza mtu. Na watu wakuachie vitu vyao, mwanangu, waende zao bila kugeuka nyuma.