Aliyekula Masizi ya Jiko Letu

Wanaosema nilivuta moshi mwingi nikaota macho wazi, waje waseme mbele yangu. Nilikuwepo. Nilimgusa, naye alinigusa, na mwenzangu aliyeona yote yu hai hadi leo.

Nina kibanda cha chakula huku machimboni, njia ya kwenda Bulyanhulu. Wachimbaji wadogo wanakula kwangu. Mdogo wangu Masanja alikuwa mmoja wao, mpaka shimo la kuchimbia, lile tunaloliita duara, lilipobomoka na kumfukia. Walimtoa akiwa amekufa. Tukamvisha shati lake jeupe la kanisani, lenye kifungo kimoja cha bluu ambacho mkewe alikishona baada ya cha zamani kupotea. Tukamzika. Udongo nilitupia kwa mkono wangu mwenyewe.

Mjane wake, wifi yangu Nyamizi, nikamchukua tukapika pamoja. Jiko letu ni la kuni, la matofali, na moshi unatoka kwa bomba la bati linalopita juu ya paa. Jiko la namna hiyo usipolisafisha litakuunguza. Masizi yanaganda ndani ya bomba, yakishika moto bomba zima linanguruma kama lori, na paa linakwenda. Kwa hiyo kazi ya kusafisha nilimfundisha Nyamizi vizuri, naye akaipenda. Kila nikimuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Nimeshasafisha, wifi."

Sasa niambie, bomba lililosafishwa linarudisha moshi ndani? Maana letu lilianza kurudisha. Wateja wakawa wanakula huku wanafuta macho. Na Nyamizi naye, mtu aliyekulia kwenye kuni, akaanza kuniletea kuni mbichi zinazotoa maji. Nikigomba, anainama tu.

Siku moja alipokwenda kutafuta kuni nikaamua kulisafisha mwenyewe. Nilikuwa nimeuacha moto uzime tangu asubuhi, jiko likapoa kabisa. Majivu nikayatia kwenye ndoo ya chuma, kamwe si ya plastiki, maana kaa moja linaweza kujificha humo likiwa zima. Mdomo wa jiko nikauziba kwa gunia bichi, nikapanda ngazi, nikavua kofia ya bomba na kushusha brashi ya waya. Jamani! Masizi yalikuwa magumu, yanang'aa kama lami. Nilikwangua mpaka mabega yakauma, kisha nikafungua kile kimlango cha chini cha kutolea uchafu. Pale nikaona alama za vidole. Mtu alikuwa akichota.

Masizi yote nikayafukia kwenye shimo nyuma ya kibanda, nikawasha moto kwa kuni kavu. Nyamizi aliporudi akatazama lile bomba safi, akauangusha mzigo.

"Umeyatupa, wifi? Sasa atakula nini?"

"Nani?"

"Masanja."

Nilidhani uchungu umemharibu akili. Akaniambia huku analia kwamba mumewe huja jioni za mvua, nami nikiwa nimekwenda sokoni. Hataki ugali, hataki maharage. Anakula masizi. Ndiyo maana hakusafisha, na ndiyo maana ya kuni mbichi, ili yawe mengi.

Jua lilikuwa halijazama mvua ilipoanza. Wateja wakakimbilia makwao. Basi nikasikia mlangoni ile salamu yetu ya jioni, kwa sauti niliyoijua tangu ilipokuwa ya mtoto.

"Mwadila, dada."

Niamini. Alikuwa yeye. Lile shati jeupe lilikuwa jeusi, lakini kifungo cha bluu nilikiona. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile kimlango, akaingiza mkono, akautoa mtupu. Akaulamba. Akaingiza tena.

Kisha akamgeukia mkewe. Alimkamata shingo, akaukandamiza uso wake kwenye mdomo wa jiko, moto ukiwaka. Nilisikia nywele zikitatarika. Nikashika nondo ya kuchokonolea moto nikampiga mgongoni kwa nguvu zangu zote. Ikalia kama nimegonga bomba. Ndani mlikuwa mtupu!

Alimwachia Nyamizi akanirukia mimi. Mkono wangu wa kushoto akaukunja mpaka nikasikia mfupa unavunjika, akanibamiza juu ya bamba la jiko. Harufu ya nyama yangu ninayo puani.

"Masanja! Mimi dada yako! Nilikubeba mgongoni!"

Akaniachia. Machozi meusi yakamtiririka. "Nina njaa, dada," akasema, kama alivyokuwa akisema zamani tukitoka shamba.

Ningefanya nini? Nikamwambia masizi yapo nyuma, shimoni. Akatoka mbio kwenye mvua, akapiga magoti, akafukua kwa kucha na kula kwa mikono miwili. Nikamfuata. Nyamizi, uso umeungua, alinishika gauni, "Usimpige, wifi, mwache ale!" Nikamsukuma. Nikampiga Masanja kisogoni, na tena, na tena. Damu haikutoka. Yalimwagika masizi, mvua ikayasomba, mpaka chini likabaki shati.

Majirani walilikuta. Waliomvisha walilitambua kwa kile kifungo. Wako wanaosema alikuwa msukule, kwamba tulichozika hakikuwa yeye, na kuna aliyemfanya mtumwa huko gizani bila chakula. Kama ni hivyo, basi mdogo wangu alikuwa hai, na mimi ndiye niliyemuua. Nyamizi anaamini hivyo. Yuko kwao Kishapu, jicho moja halioni. Nilipompelekea salamu alijibu neno moja tu: "Alikuwa anakula." Mkono wangu uliunga vibaya, haukunjiki. Bado ninapika.

Kwa hiyo nawe, bomba lako lisafishe, na lisafishe mwenyewe. Moshi ukianza kurudi ndani, usikimbilie kulaumu upepo, uliza nani nyumbani kwako anamlisha nani. Na maiti wako akija jioni kukuomba kitu kidogo, mfukuze siku ile ile ya kwanza, angali anaomba. Ukichelewa utampiga, na utampiga huku unamwita jina.