Bolti Iliyobaki

Landrover ya baba ilitembea miaka yote ikiwa imekosa bolti moja, na juzi nimeikuta bolti hiyo kwenye kopo la vifungo la mama.

Alasiri moja nilipokuwa mdogo, uani kwetu Makadara, baba alikuwa ameifungua injini na kupanga bolti kwenye trei ya mayai, kila moja na shimo lake. Wageni wa maombi walikuwa njiani. Nikidhani nasaidia usafi, nilizimwaga zote kwenye beseni la sabuni.

“Umetuharibia gari!” mama alifoka.

Baba aliokota bolti moja akaifuta kwa shati. “Mwache, zimeng'aa. Kuja, msichana wangu, tuzitafutie mahali.”

Tulizijaribu moja moja, mikono ikinuka dizeli, hadi wageni wakaimba wakaondoka. Leo, nikiwa na wanangu, najua alivyojizuia, na ninamshukuru.

Injini iliwaka. Bolti moja ilibaki, na hakuna aliyewahi kujua mahali pake kwenye injini.