Kuagwa Mara Mbili

Kijijini kwetu Titye mimi nilikuwa mtu wa nje. Nje ya nchi, maana yake. Mama alilitamka neno hilo kwa kulivuta, na aliyelisikia aliona theluji. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafundisha Kiswahili kwenye sekondari moja ya binafsi huko Burundi, ng'ambo tu ya mpaka, na ndege sijawahi kuipanda. Hata hivyo, kila likizo ilipoisha, mchungaji wetu alisimama mlangoni kwetu na kumwomba Mungu amshike mkono rubani. Mara ya kwanza nilifungua kinywa nimsahihishe. Mama akanikanyaga mguu.

Burundi yenyewe haikuwa ugenini sana. Wanafunzi waliposikia Kiha changu, lugha iliyo ndugu wa Kirundi chao, walicheka mpaka wakashika madawati, wakasema naongea kama bibi zao. Lakini kazi ilikuwepo na mshahara ulikuja, wakati nyumbani tulikuwa tunasubiri majina ya ajira yatoke kama watu wanaosubiri mvua. Basi nikaenda, na nikazoea.

Mwanzoni mwa 2014 nilikuwa narudi kazini baada ya likizo ya Krismasi, na safari hii nilikuwa na jambo kichwani. Mkuu wa shule alikuwa amenipa mkataba mpya wa miaka mitatu, niurudishe nimeusaini siku ya kufungua shule, Jumatatu. Baba alishafariki. Kaka zangu wawili wako Dar es Salaam na hawaji bila msiba. Nyumbani alibaki mama na kuku wake. Nilimweleza habari za mkataba siku ya pili tu ya likizo, nikitaka aseme moja kati ya maneno mawili: baki, au nenda. Aliniangalia, akaangalia shamba, akasema, "Maharage ya mwaka huu yanaiva upesi. Utabeba debe."

Wiki tatu nilimzungukia. Nikampikia, nikamsuka, nikamwuliza kwa mbali, nikamwuliza kwa karibu. Mara jibu likawa maharage, mara likawa kuku anayetaka kulalia. Nitasema wazi: iliniuma. Na si mwaka ule tu. Wenzangu huliliwa stendi na mama zao mpaka konda anaona aibu. Mimi nilikuwa naagwa kama gunia linalopelekwa mnadani. Mama alihesabu mizigo, akaangalia kama kamba imekaza, basi.

Alhamisi ya kuondoka ilifika. Kwetu mtu hatoki kimyakimya, anasindikizwa. Walikuja watu kama ishirini. Mbele alikuwa jirani yetu wa chini, mke wa mzee wa kanisa, mwanamke mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka kilima cha pili. Alileta mayai kumi na mawili yaliyochemshwa, na kila mtu akaambiwa ni kumi na mawili. Mchungaji aliomba kirefu, rubani akatajwa mara tatu. Tukatembea wote mpaka barabarani, wengine wamebeba mabegi yangu, wengine wamebeba maharage, wengine hawakubeba kitu lakini ndio waliochoka zaidi. Gari likaja. Mama akakaza kamba. "Haya," akasema. "Usikae dirishani, kuna upepo." Ndiyo kwaheri niliyopewa.

Nilifika Kasulu, nikapanda basi la Kibondo, na kwa matope ya Januari tukafika saa kumi jioni. Pale Kibondo ndipo nilipaswa kubadilisha gari kwenda Mabamba, mpakani. Nikiwa nimeshaweka mguu mmoja ndani nikapapasa mfuko wa pembeni wa begi kutafuta pasipoti. Mfuko ulikuwa na mayai.

Nieleze. Mama ana desturi: ukivuka tu mlango wake, anakunyang'anya kila chenye thamani na kukuwekea. Simu mpya, vyeti, pasipoti, vyote huingia chini ya godoro lake, na hutakaa upotewe na kitu. Ubaya ni kwamba humpati mtu wa kukumbushia kurudisha, kwa sababu mwenye kazi ya kukumbuka ni yeye. Nilimpigia simu mara tisa. Simu ya mama, kama kawaida, ilikuwa dukani inachajiwa. Nikalala gesti, nikala mayai manne kwa hasira, na Ijumaa asubuhi nikaacha begi moja na maharage pale pale gesti, nikageuza.

Kurudi nyumbani siku ya pili baada ya kusindikizwa ni nuksi, lakini nuksi ningeivumilia. Aibu ndiyo ilinifanya nishukie mbali na kijiji na kupita nyuma, katikati ya migomba, mvua ikininyeshea, begi kichwani. Mama alikuwa jikoni anapukuchua mahindi. Aliponiona hakupiga kelele. Alisimama, akachungulia nje kulia na kushoto, akanivuta ndani kwa mkono kama mtu anayeingiza nyama ya magendo.

"Nani amekuona?"

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Nani amekuona?"

Nikamwambia hakuna. Nikamwambia na habari ya pasipoti. Akashika mdomo. Akaenda chumbani, akarudi nayo imefungwa kwenye kitambaa cha kanisani, ina joto la godoro. Nikamwuliza, kwa sababu nilikuwa nimelowa na sina subira, kama aliificha makusudi.

"Ningetaka kuficha kitu ili usiende," alisema, "ningekuficha wewe. Karatasi ya nini?"

Kisha akanificha mimi. Hesabu yake ilikuwa hii: watu ishirini wamenisindikiza, mchungaji ameniombea nifike salama, jirani wa chini ametoa mayai kumi na mawili. Leo nionekane kijijini? Maombi ya mchungaji yatakuwa yameishia wapi? Na yule jirani atayasema yale mayai mpaka Pasaka. Nitalala, nitaondoka alfajiri na gari la kwanza, na hakuna atakayejua. Mvua ikanyesha usiku kucha, na alfajiri tukasikia kwamba gari la kwanza limekwama kwenye matope tangu jana yake. Jumamosi nzima ikanisubiri mbele, na Jumamosi ndiyo siku wanawake wanakuja kumtoa mama upweke.

Hiyo nayo ni desturi. Mtoto akienda mbali, wanawake wenzake na mama huja siku ya pili au ya tatu, wamebeba togwa, wanakaa naye ili nyumba isimlemee. Saa tatu nikasikia sauti ya jirani wa chini inapanda njia. "Mwakeyee!" ndiyo salamu yetu ya Kiha. Mama akanisukuma stoo, akanipa sahani ya viazi vitamu, akarudishia mlango.

Stoo yetu imetenganishwa na sebule kwa ukuta wa tofali usiofika juu. Ndani mlikuwa na magunia ya maharage, majembe, na kuku anayelalia ambaye aliniona kuwa mwizi. Vumbi la maharage likaniingia puani. Nikajaza kanga mdomoni nisipige chafya. Kuku akapiga kelele kwa niaba yangu.

"Kuku wako ana nini?" jirani aliuliza.

"Ana hasira. Amezaliwa nazo."

"Nipe ule ungo wako niutazame, mwanangu anataka kusuka kama ule." Nikasikia kiti kinasogea. "Si uko stoo?"

"Usiingie!" mama alisema. "Nimetega sumu ya panya."

Nikakiangalia kiazi nilichokuwa nakula. Kwa mama mtu huwezi kujua. Nikakinusa, nikaendelea.

Wakauliza habari za msafiri. Na mama, mwanamke anayesimama kanisani kila Jumapili, akadanganya kwa utulivu wa kunishangaza. Nimefika. Nimepiga simu. Nimesema huko kuna baridi. "Na ndege?" mmoja akauliza. "Ilitikisika kidogo," mama alisema, "lakini ikatua." Wakamshukuru Mungu. Mimi nilikuwa nimejilaza juu ya gunia, kanga mdomoni, machozi ya kicheko yananitoka, na kuku ananitazama kwa jicho moja.

Hapo jirani wa chini akashusha sauti yake, jambo ambalo sikujua kama linawezekana. "Na wewe mwenyewe, dada? Nyumba unaionaje?"

Nikasikia mama anaweka kikombe chini. Kisha akasema, "Alhamisi jioni nimesonga ugali wa watu wawili."

Akavuta kiti chake.

"Nikakaa mbele yake. Nikasema nitakula wote. Sikuweza hata kuugusa." Halafu akaanza kulia.

Nilidhani ni sehemu ya mchezo. Nikamvulia kofia, nikasema, huyu mama angekuwa mwigizaji tungekula vizuri. Lakini kilio kikaendelea. Kikapita pale ambapo mwigizaji angeacha. Kilikuwa na kwikwi na pua na maneno ya Kiha yanayokatika katikati, "mwana wanje, mwana wanje," yaani mwanangu, na wanawake wengine wakaanza kulia naye. Nilikuwa hatua saba kutoka alipokaa. Nilikuwa na kiazi mkononi. Sikujua kama nitoke nimwambie nipo, au nibaki nife kabisa pale kwenye maharage kwa aibu na kwa furaha, kwa sababu nilifurahi, sitaficha. Miaka yote nilikuwa nimetaka kukisikia kilio kile, na nilikipata nimejificha kama panya.

Walipoondoka mama alifungua mlango wa stoo, macho mekundu, akachukua sahani. "Umemaliza viazi," alisema.

"Mama, ulikuwa unalia kweli?"

"Sasa nilie uongo? Nimeanza kulia tangu Alhamisi, ukarudi Ijumaa ukanikatiza. Leo nimemalizia."

"Lakini nilikuwa hapa!"

"Ulikuwa hapa. Lakini umekwenda." Akaketi juu ya gunia la pili. Kuku alimpisha. Nikamwuliza kwa nini hajawahi kulia mbele yangu hata siku moja, kwa nini ananiaga kama mzigo. Aliniangalia kama anayemwangalia mtoto aliyeuliza kwa nini maji yana unyevu.

"Una mabegi mawili na debe la maharage. Nikuongezee na machozi? Utayabebaje?"

Nikasema basi mkataba sisaini. Nilisema kwa moyo mmoja; pale kwenye gunia nilikuwa tayari kabisa kukaa Titye, kusubiri ajira mpaka nizeeke. Mama alikasirika. Sijamwona amekasirika vile tangu nilipovunja chungu cha bibi.

"Sikiliza. Nimelia kwa sababu umekwenda. Sijalia ili usiende. Usivichanganye, wewe ni mwalimu. Ukibaki kwa ajili ya kilio changu, siku nyingine nikitaka kulia nitaenda kujificha wapi? Stoo umeshaijua." Akafuta pua na kanga. "Nenda ukasaini. Na mimi niache na kilio changu, ni changu."

Ndivyo nilivyopata jibu, na lilikuja na neno moja kati ya yale mawili niliyoyataka. Nilidhani nikilisikia litaniudhi. Haikuwa hivyo.

Jumapili alfajiri habari zilikuja kwamba gari limenasuliwa. Tukatoka kabla ya mwanga kukamilika, tukapita nyuma ya nyumba, mimi mbele na begi, mama nyuma na debe jingine la maharage, bila kuongea. Mpango ulikuwa anisindikize mpaka mwisho wa migomba tu, pale ambapo njia inakutana na barabara, ili asionekane. Gari lilikuwa limesimama, konda anapanga mizigo. Mama akamkabidhi debe, akavuta kamba, ikakaza. "Haya," akasema. "Usikae dirishani."

Nikapiga hatua tano. Sita. Nyuma yangu pakatoka sauti ambayo kijiji chote kiliisikia.

Mlango wa jirani wa chini ulikuwa wa kwanza kufunguka. Alikuja mbio na panga mkononi, kanga imefungwa vibaya, anauliza nani amekufa. Nyuma yake mumewe, nyuma yake watu wa juu, na mwisho mchungaji akifunga vifungo vya shati la ibada. Wakamwona mama anaomboleza kando ya barabara. Kisha wakaniona mimi.

Jirani alishusha panga. "Hee! Si umefika wewe? Si huko kuna baridi?"

Nikasema, "Mwakeye." Watu wakaitikia kwa mazoea, "Twakeye," halafu wakaendelea kunishangaa. Mchungaji alitazama juu kidogo, nadhani anaitafuta ndege.

"Na wewe dada," jirani akamgeukia mama, hasira imeanza kumpanda, "jana si tumekufariji? Tumekaa mpaka togwa imeisha! Tumelia na sisi! Leo unalia nini tena?"

Mama hakuficha uso. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta, na alikuwa ananitazama mimi, si wao.

"Jana nilimlilia aliyekuwa stoo," alisema. "Leo anakwenda kweli."

Hakuna aliyecheka, ingawa walicheka baadaye kwa miaka. Jirani wa chini aliweka panga chini kwenye majani, akamshika mama bega. Wakamwacha alie. Dereva alipiga honi, akapiga tena, na mimi nilisimama tu pale barabarani nikimwangalia mama yangu, mpaka konda akashuka kuja kunishika mkono.