Siku shangazi alipokunywa maji ya mtungi uliozama na meli

Wakuu, salamu kutoka Unguja. Hii si chai, wahusika walikuwa watu wa kwetu kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa binti wa sekondari, mwenye haya hasa. Nikiitwa, "naam" yangu naisikia mwenyewe tu.

Likizo moja mwalimu akanipeleka kusaidia maabara ya vitu vya kale, Mji Mkongwe. Maabara kwa jina, wakuu. Chumba kimoja na mabeseni.

Ilikuwamo mitungi miwili, imetolewa kwenye meli ya kale ya Wareno iliyozama upande wa Fumba. Udongo uliokaa baharini umeshiba chumvi, ukikauka nayo unapasuka. Mtungi wa kwanza tuliuanika mapema, ukabanduka maganda kama muhogo.

Ukabaki mmoja. Umesimama ndani ya beseni, maji ndani na nje, nami nayabadilisha kila asubuhi ili chumvi itoke.

Dawa ya kupimia chumvi ikatuishia. Mkuu wetu, Bwana Haroub, akautazama tu: "Huu ushaiva. Kesho tunauanika."

Sasa, mimi nilishaonja yale maji kwa siri. Bado chumvi! Lakini ntamwambiaje mtu mzima kuwa nalamba mali ya serikali? Nikanyamaza. Usiku sikulala.

Asubuhi shangazi yangu, Bi Mwanaidi, akaniletea chapati pale maabara. Kiu imembana. Kaona mtungi umefunikwa, kata iko juu. Kwetu mtungi wa hivyo hauombewi ruhusa.

Akateka, akanywa, akatemea viatu vya Bwana Haroub.

"Astaghfirullah! Mmerowekea samaki wa ng'onda humu?"

"Bi Mwanaidi, umekunywa makumbusho!"

"Basi makumbusho yenu hayajasuuzwa!"

Bwana Haroub akanigeukia. "Ati kweli, bado chumvi?"

"Bado," nikasema, na safari hii walisikia wote. "Nimeonja jana. Na juzi."

Akachovya kidole, akalamba. Akakunja uso.

"Mwaga, jaza upya. Na ukionja useme, mwanangu. Sikukati ulimi."

Ulikaa majini miezi mingine, ukakauka mzima, hata ganda moja halikubanduka.

Shangazi naye, mpaka anazeeka, hakupokea maji ya mtu bila kuuliza: "Ya leo haya, au ya Mreno?"

Nilichojifunza: mwenye haya na aseme hata kwa kunong'ona, kabla mtu hajatema kwa niaba yake.

Haya, wenye haya wenzangu, nani mwengine alinyamaza mpaka akasemewa? Mwageni hapa, sicheki. Nacheka kidogo tu.